Muziro wa Hamim

Mjukuu wangu Hamim alipoamua kuzifungia mdomo mboga za majani, hakuufunga kama watoto wengine wanavyoufunga. Aliufunga kama kizuizi cha mpakani Elegu siku madereva wamegoma. Najua ninachosema. Nimeendesha lori kati ya Mombasa, Kampala na Juba hadi magoti yangu yaliponistaafisha, na kizuizi kigumu kuliko vyote nilivyowahi kukutana navyo ni midomo ya mtoto wa miaka mitatu kasoro, hapahapa nyumbani Lubaga, Kampala, mteremkoni nyuma ya kanisa kubwa.

Mama yake, binti yangu Munirah, ni mwanamke msomi, na usomi wake wote siku hizi umehamia kwenye simu. Alianza na karoti. Aliona kwenye video mama mmoja wa nchi za baridi akikata karoti umbo la nyota, mtoto anacheka, anakula, anaomba nyingine. Munirah naye akakata nyota. Akaongeza na mwezi mwandamo, kwa kuwa sisi ni Waislamu. Hamim akazichukua mbingu zote zile, akazipanga dirishani, akazitazama kwa heshima, akaenda kucheza. Zilikaa pale hadi zikanyauka. Mjusi wa dirisha lile alizionja mara moja akahama, na nasikia sasa anaishi Wandegeya na wanafunzi wa chuo kikuu.

Baada ya karoti akaja na chapati. Alisaga nakati, zile mboga zetu chungu kidogo ambazo Kampala nzima inazila, akazificha ndani ya unga. Chapati ikatoka kijani kama sare ya jeshi. Hamim aliikagua kama askari wa barabarani anavyokagua leseni: akaigeuza, akainusa, akamtazama mama yake usoni aone kama anatetemeka, akairudisha.

Halafu ikaja ndege. Kijiko kinapaa, kinazunguka juu ya kichwa cha mtoto, Munirah ananguruma kama injini: "Vuuuu! Ndege inakuja! Fungua uwanja itue!"

"Uwanja hakuna," alijibu Hamim kupitia meno yaliyobanwa.

Ndege ile nadhani mpaka leo iko hewani.

Wakati haya yote yanatendeka, baba yake alikuwa kwenye kochi. Mkwe wangu Siraje anauza vipuri vya magari, ni mtu mwenye kifua kipana na maneno mazito, na kwa malezi neno lake lilikuwa moja tu: "Mwache, atakula akikua." Munirah alikuwa akimgeukia mtoto na kumwambia, "Kwa nini huwi kama baba yako? Baba yako anakula mboga zote. Sinia linarudi jikoni linang'aa!"

Kila akisema hivyo mimi nilikuwa naangalia dari. Dari letu nalifahamu vizuri.

Nieleze jambo la sinia, maana bila hilo hamtaelewa. Sisi ni Wanubi, na wanaume kwetu hula sinia moja. Chakula kinamwagwa katikati, kila mtu anakula upande wake, kilicho mbele yako ni chako. Wanawake wana lao jikoni. Mimi ni mjane, nina chumba changu cha pembeni kwenye uwanja huohuo, lakini chakula nakula kwa binti yangu. Basi kwenye sinia la sebuleni tulikuwa watatu: mimi upande huu, Siraje upande ule, na Hamim katikati, tangu siku aliyokataa kulishwa na wanawake.

Sasa mkwe wangu ana kidole. Akishakaa, anaanzisha mazungumzo ya giaboksi. "Mzee, hizi giaboksi zinazoingia siku hizi..." Macho yanakwenda juu, sauti inapanda, na chini kule kile kidole kinaanza kazi. Taratibu, kwa mgongo wa tonge la posho, ugali wetu, kinasukuma nakati. Zinahama. Zinavuka katikati ya sinia kama ng'ombe wanavyovuka barabara, bila haraka, hadi zinafika kwangu. Na kilicho mbele yangu ni changu.

Kwetu mkwe hakosolewi kwenye chakula. Ukimwambia mume wa binti yako "mbona huli hiki," umemtukana, na kesho sinia lako litaletwa na mtoto wa jirani. Kwa hiyo nilikula. Nimekula mboga za watu wawili tangu siku walipooana. Ndiyo maana nikisimama hapa Lubaga nasoma namba za gari lililoegeshwa Kabalagala, ng'ambo ya mji, na la nyuma yake.

Mambo yangeendelea hivyo kwa amani, kama isingekuwa simu ya Habibah.

Habibah ni dada mkubwa wa Siraje, anaishi Bombo, na kwao shangazi mkubwa akiomba mtoto aliyeachishwa ziwa amlee yeye, anapewa. Hukatai. Kukataa ni kumwambia hajui kulea. Siraje mwenyewe alilelewa naye, na baada ya Siraje walipita watoto wengine wa ukoo. Wanaingia kwa Habibah wananyonya kidole, wanatoka wana ndevu.

Siku hiyo Munirah alikuwa anafua, simu ameiweka sauti kubwa juu ya pipa, na uwanja wote tukasikia.

"Munirah. Nimeona picha ya mtoto. Shingo gani ile? Spoku ya baiskeli?"

"Ni mwanga wa simu, Dada."

"Mwanga haukondeshi mtu. Anakula mboga?"

"Anajifunza, Dada."

"Anajifunza! Kwani mboga ni hesabu? Sikiliza. Jumapili nakuja. Akila mboga mbele yangu, mimi nanyamaza, nakunywa chai, narudi zangu. Asipokula, umfungashie nguo."

Simu ikakatika. Munirah alikuwa ameshika kisuruali cha Hamim, akakikamua hadi maji yakaisha, akaendelea kukikamua.

"Baba," akaniambia, "akimchukua nitakuwa namwona Idi hadi Idi. Atarudi ananiita Shangazi."

"Mwambie mumeo akatae."

"Siraje? Amkatalie Dada Habibah?" Alicheka kicheko cha kulia. "Baba, Siraje akipigiwa simu na dada yake anaipokea amesimama wima."

Hilo ni kweli. Nimemwona kwa macho yangu.

Basi ilikuwa Novemba, msimu wa nsenene, wale panzi wa kijani ambao Kampala ikiwanusa wamekaangwa inasahau hata foleni. Jirani yetu Nalongo, mama wa mapacha, alikuwa amekaanga sufuria zima kwa vitunguu. Harufu ilipita juu ya ua ikanitoa kitandani. Hamim na mimi tukajipeleka. Nalongo akampa kila mtoto kisahani. Pacha mmoja, Babirye, msichana wa miaka sita mwenye uso wa hakimu, akakirudisha chake kwa kidole kimoja.

"Muziro," akasema.

Na mama yake, badala ya kumbembeleza, akakinyakua kisahani kile haraka kama kimeshika moto. "Bambi, nilisahau! Nimekuwekea ndizi." Akamtazama na yule pacha wa pili, naye akala ndizi.

"Kwa nini hali?" Hamim akaniuliza.

Nikamweleza. Kwa Waganda kila ukoo una kitu chake usichokila, ndicho muziro. Baba yao Babirye ni wa ukoo wa nsenene, kwa hiyo watoto hawali nsenene, hata wakaangwe na malaika. Mama yao ni wa ukoo mwingine, yeye anakula mpaka anasinzia. Na Babirye akaongeza, kwa faida ya mgeni: "Ukila muziro yako unatoka vipele, halafu meno inaanguka. Yote."

Hamim akatazama kisahani kinavyoondoka. Hakuna nyota. Hakuna ndege. Hakuna shangazi wa Bombo. Neno moja tu, na chakula kinakimbia chenyewe. Wallahi niliona macho ya mtoto yule yakiwaka kama taa za lori kwenye kona.

Jioni Munirah akaleta nakati.

"Muziro," akasema Hamim.

"Nini?"

"Muziro yangu."

Kesho yake dodo, yaani mchicha wetu, ilikuwa muziro. Kabichi muziro. Karoti, zenye pembe na zisizo na pembe, muziro. Siku iliyofuata dawa ya minyoo ikaingia ukoo, na kabla ya magharibi kuoga nako kulikuwa muziro. Munirah akapiga kelele, Nalongo akachungulia juu ya ua, amejishika kifua.

"Banange, Mama Hamim! Usilazimishe mtoto muziro! Atatoka vipele!"

"Nalongo, sisi ni Wanubi. Hatuna muziro!"

"Basi huyu ametoa wapi?"

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko alivyojua.

Munirah akanigeukia mimi. "Baba, wewe ndiye uliyempeleka kwa nsenene. Utamtoa mwenyewe huko."

Nikamkalisha Hamim mkekani nikamweleza habari za tanboi wangu Okwir, msaidizi wangu wa lori, aliyekataa mboga tangu Mombasa. Nikamwambia, damu ya Okwir ilikuwa nzito kama oili chafu. Mbu akimuuma, mdomo unanasa. Hawezi kunyonya, hawezi kutoka. Tulipofika Nimule alikuwa amenaswa mbu wengi kiasi kwamba wakaanza kupiga mabawa kwa pamoja wakamnyanyua kutoka kwenye lori, ikabidi nimfunge kamba mguuni kama kishada hadi Juba. "Sasa wewe," nikamaliza kwa sauti ya kutisha, "ukikataa mboga, je?"

Hamim alifikiri.

"Nataka kuruka," akasema.

Nikaona hadithi imeniangukia. Nikabadilisha gia. Nikavaa kanzu na kofia, nikatandika mkeka uwanjani, nikaita mkutano wa ukoo: mimi, Hamim, na paka wa Nalongo. Nikatangaza kwamba mimi, Kamis, mzee wa ukoo, nimeota usiku, na babu zetu walioletwa na jeshi kutoka Sudan wamenionyesha muziro wetu wa kweli. Sio nakati. Sio dodo. Muziro wa ukoo wetu ni chipsi. Na soseji ni mdogo wake.

Mtoto alinitazama. Mdomo wake wa chini ukaanza kutoka nje polepole, kama droo. Lakini hakulia. Aliinuka, akaenda kumleta Babirye kwa mkono.

Babirye akasimama mbele yangu, mikono nyuma. "Jidi," akaniita kama Hamim anavyoniita, ndilo neno letu la babu, "baba yake anakula chipsi?"

"Hilo si swali la kumuuliza mzee."

"Anakula?"

"Anakula," nikakubali.

"Basi hiyo si muziro. Muziro inatoka kwa baba. Kama baba anakula, na mtoto anakula. Kama baba hali, mtoto hali."

Chipsi zikaokoka. Hamim akashusha pumzi. Kisha nikamwona anakunja kipaji, anafuata sheria ile hatua kwa hatua kama mtu anayefuata ukuta gizani, hadi akafika mwisho.

"Baba hali nakati," akamwambia hakimu wake. "Anasukuma kwa Jidi."

Babirye akanigeukia. Mimi nikamgeukia paka.

"Basi ndiyo hiyo," akasema Babirye, na kesi ikafungwa.

Sikulala vizuri mchana ule, na usingizi wa mchana ndio kazi yangu. Mtoto alikuwa ameona kila kitu. Alikaa katikati ya sinia siku zote, pua yake iko usawa wa kidole cha baba yake. Tulidhani tunakula na mtoto, kumbe tulikuwa tumeweka mwalimu mbele ya mwanafunzi. Na Jumapili inakuja. Nimwambie Munirah? Baba anayepeleka kwa binti yake aibu za mumewe, huyo anatafuta pa kulala. Nimwambie Siraje? Ni mkwe. Na Siraje mwenyewe alikuwa anajua mtoto wake anakwenda kuchukuliwa, mkewe anakula kidogo na kunyamaza sana, na bado jioni ileile alikaa, akasema, "Mzee, hizi giaboksi..." na nakati zikaja.

Basi sikumwambia mtu neno. Nilimwomba binti yangu sinia tu.

"Jumapili," nikamwambia, "toa lile sinia kubwa la arusi. Tukae wote, wanaume kwa wanawake. Habibah anakuja mara moja kwa mwaka, tumgawe vipande viwili?"

"Wote pamoja, Baba? Tangu lini?"

"Tangu magoti. Siwezi kusikiliza maneno ya jikoni nikiwa sebuleni. Na mkalishe Habibah amkabili kaka yake. Hawajaonana siku nyingi."

Jumapili Habibah alifika na furushi la kisra, ile mikate yetu myembamba ya uchachu, na begi. Begi kubwa, tupu. Aliliweka mlangoni, likalegea pale kama mdomo unaosubiri. Munirah alilisalimia kwa macho kabla ya kumsalimia mwenyewe.

"Mzee Kamis, bado uko hai?"

"Nakusubiri wewe unizike, mama."

"Nitakuzika vizuri tu." Kisha akamnyanyua Hamim kwa makwapa, akampima hewani. "Huyu ningemnunua sokoni ningemrudisha. Munirah! Huyu ni mtoto au ni risiti?"

"Karibu chakula, Dada," akasema Munirah, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama kisra yenyewe.

Sinia la arusi likatua. Kisra pembeni, nyama na mchuzi katikati, na nakati za karanga, kilima kwa kilima, kila mtu mbele yake. Nilihakikisha kila mtu ana kilima chake. Habibah akamkabili Siraje. Munirah karibu na mlango, karibu na begi. Mimi upande wangu wa kila siku, na Hamim katikati yetu.

Bismillahi. Siraje akafanya kama kawaida. Mazoea ni kitu kibaya: mbele ya dada yake, mbele ya mkewe, kidole hakikuweza kujizuia. "Dada, hizi giaboksi zinazoingia siku hizi..." Macho yakapanda. Nikazisikia zinakuja.

Habibah hakusikiliza giaboksi. Alikuwa amechana kisra, akafungia nakati ndani yake, akanyoosha mkono. "Hamim. Fungua."

Munirah aliacha kutafuna.

"Muziro," akasema Hamim.

"Nini hiyo?"

"Ni maneno ya watoto wa jirani, Dada," Siraje akaingilia haraka. "Usimsikilize."

"Muziro? Sisi?" Habibah akaiweka ile kisra chini. "Sisi tuliozaliwa na askari waliotembea kutoka Sudan wanakula hadi majani ya njiani, leo tuna muziro? Nani kakupa?"

"Baba."

Siraje akacheka. Hakucheka vizuri. "Mimi?"

"Muziro inatoka kwa baba," Hamim akamweleza shangazi yake kwa uvumilivu, kama mtu anayezungumza na asiyejua mji. "Baba hali nakati. Baba anafanya hivi." Akachukua kitonge. Akainua macho kwenye dari. Akatoa sauti nzito kutoka tumboni: "Mzee, hizi giaboksi..." Na kidole chake kidogo, polepole, bila haraka, kikaanza kusukuma nakati kuelekea kwangu. "Halafu Jidi anakula."

Watu wote wakalitazama sinia. Hapakuwa na haja ya ushahidi mwingine. Mbele ya Siraje palikuwa peupe, pamefagiliwa, unaweza kuswalia. Mbele yangu palikuwa na Mlima Elgon.

"Baba?" Munirah akaniuliza.

"Mimi sijasema neno," nikasema, na ilikuwa kweli.

"Siraje?"

"Nakati zinanipa kiungulia," akasema muuza vipuri.

"Miaka yote hii namwambia mtoto sinia linang'aa!" Munirah aliongea polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimekata nyota. Nimeruka kama ndege ndani ya nyumba hii, wewe umekaa kwenye kochi unasema mwache, atakula akikua. Akikua kama nani?"

"Ngoja, ngoja," Habibah akainua mkono, na nikaona amekereka kweli, kwa ajili ya jina lake. "Usimseme hivyo. Kwangu Bombo alikuwa anakula. Nakati, dodo, bamia, kila kitu. Alikuwa anamaliza. Siraje, mwambie mkeo. Ulikuwa unamaliza?"

Siraje akaanza kusimama wima. Magoti yake yalikwisha kuinuka, naapa.

"Kaa chini! Ulikuwa unamaliza?"

"Yasiin alikaa upande wangu, Dada," akasema kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili.

Yasiin ni binamu yao aliyelelewa pamoja naye. Leo hii Yasiin haingii mlangoni ila kwa ubavu, na akipanda pikipiki, pikipiki inaomba dua. Nikaona hesabu ikipita usoni mwa Habibah, polepole, nakati zote za utotoni mwao, sinia hadi sinia.

Hapo ndipo binti yangu alipofuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akaligeukia lile begi tupu, akalivuta katikati ya chumba, akalifungua mdomo.

"Dada," akasema kwa adabu zote, "ulisema nifungashe nguo, na mimi sikatai neno la mkubwa. Lakini naona kazi ya kwanza uliyoichukua hujaimaliza. Nimfungashie Siraje?"

Kwa jinsi nilivyosikia baadaye, kicheko changu kilivunja kioo kimoja Lubaga na viwili Wandegeya. Nalongo alichungulia juu ya ua akidhani nimekufa.

Habibah hakucheka. Alilitazama begi, akamtazama kaka yake, na shavu lake moja likaanza kutetemeka. Kisha akanyoosha mkono juu ya sinia, akaukumbatia Mlima Elgon kwa kiganja, akaurudisha wote, na kilima changu mwenyewe juu yake, hadi mbele ya Siraje.

"Kula."

"Dada, wakwe wanatazama."

"Wakwe wamekula za kutosha. Kula."

Siraje akamgeukia mkewe kuomba msaada. Munirah alikuwa ameshachota nakati kwa kijiko, kijiko kimepaa.

"Vuuuu," akasema, bila kutabasamu. "Fungua uwanja."

Mwanaume mwenye kifua kile akafungua mdomo. Habibah, kwa tahadhari, akambana pua, maana ndivyo wanavyofanya Bombo.

Aliyefuatilia kwa makini kuliko wote ni Hamim. Alisogea hadi usoni mwa baba yake, akaanza kusubiri vipele. Havikutoka. Tonge la pili, la tatu. Jasho lilitoka, lakini jasho si kipele. Akaingiza kidole mdomoni mwa baba yake, akagusa meno, la mbele, la pembeni. Akalitikisa moja. Liligoma.

"Haianguki," akasema. Alikuwa amesikitika sana. Kisha akakunja kipaji kama Babirye. "Basi si muziro."

Akachukua jani moja kutoka mlimani mwa baba yake. Akalitazama mwangani. Akaliweka ulimini kama anayeonja betri, akalitafuna upande mmoja, akatema nusu kwenye kanzu yangu. Nusu ya pili ikashuka.

Sote tukamchungulia koo.

"Amekula," akasema Munirah.

"Nusu," akasema Habibah.

"Ulisema akila mbele yako, Dada. Hukusema kiasi."

Habibah akachukua kikombe chake, akakisogeza kwa Munirah. "Nipe chai," akasema.

Alikunywa chai, akanyamaza kama alivyoahidi, isipokuwa kila alipomtazama Siraje alisema "Yasiin!" peke yake na kutikisa kichwa. Begi halikurudi tupu. Munirah alilijaza mafungu ya nakati kutoka sokoni, salamu kwa Yasiin, maana huenda mwili wake umezikumbuka. Mlangoni Habibah aliniinamia sikioni. "Mzee Kamis, sinia hili la pamoja lilikuwa wazo la nani?"

"La magoti," nikamwambia.

Tangu siku hiyo sinia letu ni moja, na Munirah anakaa anapoweza kuona kidole. Siraje anakula nakati zake. Uso wake kila jioni ni wa mtu anayelipishwa faini, lakini anakula, kwa sababu askari wake amekaa ubavuni mwake, na askari yule hapokei kitu kidogo. "Baba, fungua. Tafuna. Onyesha." Siraje naye, kwa kisasi, humwambia, "Na wewe," na mtoto asiyetaka kushindwa na baba yake anameza. Karoti bado anazipanga dirishani. Kuoga bado kuna mjadala.

Aliyepata hasara katika jambo hili ni mimi. Nimezoea kiasi cha watu wawili, sasa naletewa cha mmoja. Macho yameanza kufifia, namba za Kabalagala sasa nasoma za magari makubwa tu. Juzi nilishindwa kujizuia. Siraje alikuwa amenyamaza, Munirah amegeuka kuchukua maji, nikaanza polepole, "Mkwe, hizi giaboksi..." na mkono wangu ukavuka katikati ya sinia kufuata nakati zake.

Kijiko kikanishukia kwenye vidole.

"Jidi!" akasema Hamim. "Muziro!"